Kuhara na Kutapika kwa Ghafla: Virusi vya Tumbo Hupita Mikononi, na Vinaweza Kuzuiwa

Jumatatu usiku, mtoto wa miezi tisa anaanza kutapika katika chumba kimoja cha ploti yenye vyumba kumi na viwili mjini Kitengela. Kufikia asubuhi anahara maji matupu. Mama yake anafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha EPZ, Athi River, na siku asiyoenda kazini halipwi. Anamwacha mtoto kwa jirani anayelea watoto wengine watano. Alhamisi, watoto wawili kati ya hao watano wanatapika. Ijumaa, mlezi mwenyewe hawezi kuinuka kitandani. Wikendi ikiisha, nusu ya ploti imepitia hali hiyo, na kila mtu anasema: "Ni yale maji ya bowser."

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo letu la afya katika toleo hili, lakini mkazi yeyote aliyeishi kwenye ploti, iwe Kitengela, Ongata Rongai, Kiserian au Kajiado mjini, ataitambua picha hiyo. Maji machafu huleta magonjwa, hilo halina ubishi. Lakini familia zote zilinunua maji kwa bowser lile lile siku ile ile, na hazikuugua siku moja. Ziliugua moja baada ya nyingine, kufuata njia aliyopita mtoto, nepi yake na mikono iliyomhudumia. Ugonjwa unaotembea namna hiyo mara nyingi ni wa virusi, na njia yake kuu ni mikono yetu.

Virusi hivi ni vipi?

Virusi vinavyosababisha kuhara na kutapika ni vya aina nyingi, ila viwili ndivyo vinavyotusumbua zaidi.

Cha kwanza ni rotavirusi. Hiki huwashambulia hasa watoto wadogo, na hatari ni kubwa zaidi kabla mtoto hajafika miaka miwili. Kiligunduliwa mwaka 1973 na mtafiti Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne, Australia. Kwa mtoto, dalili huanza takriban siku mbili baada ya kuambukizwa: homa, kutapika, kisha kuhara maji kwa siku tatu hadi nane. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2013 pekee rotavirusi iliua watoto wapatao 215,000 wa chini ya miaka mitano duniani, wengi wao Afrika na Asia.

Cha pili ni norovirusi. Jina lake limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, ambako mlipuko wa kutapika ulitokea katika shule moja mwaka 1968. Hiki hakichagui umri. Humpata mtoto, mwanafunzi wa bweni, mpishi wa harusi na mzee wa miaka 80. Dalili huanza kati ya saa 12 na 48 baada ya kuambukizwa, na mara nyingi huisha kwa siku moja hadi tatu. Mtu mzima mwenye afya hupona. Mtoto mchanga, mzee na mgonjwa wa muda mrefu wanaweza kupoteza maji mengi mwilini kwa haraka mno.

Tusichanganye virusi hivi na kipindupindu. Kipindupindu husababishwa na bakteria, na kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa na mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022. Mtu anayehara maji mengi meupe kama maji ya mchele afikishwe hospitalini mara moja, bila kungoja kuona kama yatapita.

Vinapitaje?

Mgonjwa hutoa virusi kwa kinyesi na matapishi. Gramu moja ya kinyesi cha mtoto mwenye rotavirusi inaweza kubeba mabilioni ya virusi. Ili mtu augue kwa norovirusi, chembechembe chini ya mia moja zinatosha. Uchafu wa kiasi hicho hauonekani kwa macho wala haunuki. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba mikono yake ni safi, na bado akaiambukiza nyumba nzima.

Turudi kwenye ploti yetu tufuate njia. Mama anabadilisha nepi, anaisuza mikono kwa maji bila sabuni kwa sababu ana haraka, kisha anashika kitasa cha mlango, mfereji wa pamoja na ndoo. Jirani anashika mfereji huo huo, anarudi ndani na kukata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kachumbari haipikwi, kwa hivyo hakuna moto wa kuua kitu. Kwa mlezi, watoto sita wanachezea mwanasesere mmoja, na kila mmoja anamtia mdomoni. Mtoto akitapika, matone madogo huruka na kutua kwenye mkeka, nguo na vyombo vilivyo karibu.

Mambo matatu kuhusu virusi hivi huwashangaza wengi.

Kwanza, vinadumu. Norovirusi inaweza kukaa kwenye meza, kitasa au sakafu kwa siku nyingi ikisubiri mkono wa kuibeba.

Pili, mgonjwa huendelea kuambukiza baada ya kupona. Kinyesi chake kinaweza kuwa na virusi kwa wiki mbili au zaidi. Siku mbili za kwanza baada ya kuhara na kutapika kukoma ni za hatari sana kwa wengine.

Tatu, sanitaiza haitoshi. Tangu wakati wa Korona wengi wetu tumezoea kupaka sanitaiza na kuendelea na shughuli. Dawa hiyo ya pombe haina nguvu ya kutegemewa dhidi ya norovirusi. Sabuni na maji yanayotiririka huling'oa lile tabaka la uchafu na virusi kutoka kwenye ngozi na kulitupa chini. Kwa ugonjwa huu, kipande cha sabuni kina faida kuliko chupa ya sanitaiza.

"Lakini maji ni ghali"

Tunajua. Katika sehemu nyingi za kaunti yetu maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na kule mashinani mama hutembea mbali kuyachota. Haitakuwa haki kumwambia mtu anawe kila mara bila kumwonyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa maji kidogo.

Chukua mtungi wa lita tano. Toboa tundu dogo karibu na chini na uliweke kijiti au msumari wa kuziba. Uninginize karibu na mlango wa choo, na ufunge kipande cha sabuni kwenye wavu au soksi kuukuu kando yake. Ukitoa kijiti, maji hutoka kwa mchirizi mwembamba. Lowesha mikono, ziba, paka sabuni, sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, kisha fungua usuze. Utatumia maji machache kuliko ukimwagiwa kwa jagi. Kama kipande cha sabuni huibwa au huliwa na panya, yeyusha sabuni kidogo ya unga katika chupa ya maji na kutoboa kifuniko. Maji hayo ya sabuni yanafaa vilevile.

Tunachopaswa kuacha ni beseni moja ambalo watu wote huchovya mikono kabla ya kula, na taulo moja ambayo wote hujifutia. Kwenye harusi, matanga na harambee, maji yamiminwe juu ya mikono ya kila mgeni, sabuni iwepo, na mikono iachwe ikauke kwa hewa.

Nyakati ambazo hupaswi kuruka ni nne: baada ya kutoka choo, baada ya kubadilisha nepi au kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

Kinyesi cha mtoto si salama

Wengi huamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa sababu hali chakula cha watu wazima. Kwa rotavirusi, ukweli ni kinyume: kinyesi cha mtoto mgonjwa ndicho hatari zaidi nyumbani. Kitupwe chooni. Nepi za kutupa zifungwe ndani ya mfuko na kuwekwa kwenye taka zinazochukuliwa. Tusizirushe kwenye uwanja wazi nyuma ya ploti ambako watoto hucheza na mbwa huzipasua. Nepi za kitambaa zifuliwe mbali na vyombo vya kupikia, na maji yake yamwagwe chooni.

Kusafisha baada ya mtu kutapika

Usiburute matapishi kwa fagio wala kuyamwagia maji kwa nguvu. Fanya hivi:

1. Waondoe watoto na ufungue dirisha.
2. Vaa glavu, au funika mikono kwa mifuko ya plastiki.
3. Funika matapishi kwa karatasi au kitambaa kuukuu, yazoe na uyatie kwenye mfuko au chooni.
4. Changanya dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi huiita jiki. Soma kwenye chupa. Kama nguvu yake ni asilimia 3.5, tia kikombe kimoja cha dawa kwenye vikombe sita vya maji. Mwaga mahali hapo na uache kwa dakika 10 kabla ya kupangusa.
5. Kwa vitasa, mfereji, meza na kiti cha choo, mchanganyiko hafifu unatosha: kijiko kikubwa kimoja cha dawa katika nusu lita ya maji.
6. Fua nguo na matandiko yaliyochafuliwa kwa maji moto na sabuni, uyaanike juani, kisha unawe mikono.

Usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Changanya unachohitaji kwa siku hiyo pekee, na uweke chupa mbali na watoto.

Mtoto akiugua: kinachoua ni kukauka maji

Virusi havidumu sana mwilini. Mtoto huaga dunia kwa sababu maji na chumvi hutoka mwilini kwa kasi kuliko vinavyorudishwa. Kwa hivyo kazi yako ya kwanza nyumbani ni kurudisha maji.

Mpe ORS. Changanya pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala si pungufu. Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani kama robo hadi nusu ya kikombe kidogo. Wa miaka miwili na zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko. Wazazi wengi huacha kumpa kwa sababu "anatapika yote". Hatapiki yote, kijiko baada ya kijiko, kiasi fulani kinabaki.

Kama hakuna ORS nyumbani na usiku umeingia, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kulundika, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usizidishe chumvi. Asubuhi tafuta ORS.

Mpe zinki. Vidonge hivi hupunguza muda na ukali wa kuhara. Mtoto wa miezi sita na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya miezi sita miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Maliza siku zote hata kama kuhara kumekoma.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kumnyima mtoto chakula ili "tumbo lipumzike" humwongezea udhaifu.

Usinunue dawa ya bakteria kwa makisio. Haiui virusi hata kimoja. Dawa za kufunga tumbo nazo hazifai kwa watoto wadogo. Pesa unazoacha kwenye duka la dawa zingekununulia ORS na zinki, na katika vituo vya afya vya umma unaweza kuziulizia.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona mojawapo ya haya: macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, kinywa kimekauka, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye kinyesi. Mtoto wa chini ya miezi sita asisubiriwe aonyeshe dalili hizi, mpeleke mapema. Unaposafiri kwenda Hospitali ya Kitengela au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado, endelea kumpa ORS njiani.

Meno hayahusiki

Mtoto wa miezi sita hadi tisa akihara, mara nyingi nyanya au jirani atasema, "Ni meno." Sadfa hii ina sababu. Katika umri huo meno huanza kuota, mtoto huanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na huanza kula vyakula vingine. Vyakula na vitu hivyo ndivyo humletea virusi. Ukidhani ni meno, utangoja yaote huku mtoto akikauka.

Kuna pia desturi ya kung'oa vichipukizi vya meno ya chonge ya mtoto mchanga kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa, kuhara na kutapika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 miongoni mwa Wamaasai wa mashinani nchini ulionyesha kuwa desturi hiyo ilikuwa imeenea. Wazee waliofanya hivyo walitaka kumwokoa mtoto, na tunaheshimu nia hiyo. Lakini kile kivimbe cheupe kwenye ufizi ni jino la kawaida linalokuja. Kulichimba humsababishia mtoto kuvuja damu, kuambukizwa na kuharibika kwa meno ya ukubwani, na kuhara hakukomi. Tunawaomba akina yeyo na makoko wenye sauti katika boma wawe wa kwanza kusema: mtoto anayehara apewe maji ya ORS na apelekwe kliniki.

Chanjo ipo, na ni ya bure

Kenya ilianza kutoa chanjo ya rotavirusi katika ratiba ya kawaida ya watoto Julai 2014. Ni matone ya mdomoni, hakuna sindano. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki sita, na muuguzi ataandika tarehe za zinazofuata kwenye Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Watafiti waliofuatilia watoto katika hospitali za Kilifi na Siaya waliona waliolazwa kwa rotavirusi wakipungua kwa zaidi ya nusu baada ya chanjo kuanza.

Chanjo hii ina wakati wake. Hutolewa mtoto akiwa mchanga, kwa hivyo usingoje "akomae kidogo". Kama umehamia kaunti hii au unahama na mifugo kutafuta malisho, beba kijitabu na uingie kituo chochote cha afya cha umma kilicho karibu. Chanjo haizuii kila aina ya kuhara. Inachofanya ni kupunguza sana uwezekano wa mtoto kuugua vibaya kwa rotavirusi. Kwa norovirusi bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa, na kinga yake ni usafi pekee.

Kanuni ya siku mbili

Aliyeugua akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu alipohara au kutapika mara ya mwisho. Hii inawahusu watoto wa shule na wa kulelewa, na inawahusu zaidi wanaoshika chakula cha wengine: wapishi wa shule, wauza smoki na mayai, wafanyakazi wa hoteli na wa nyama choma, na wanaojitolea kupika kwenye harusi. Mwajiri anayemlazimisha mpishi mgonjwa kuja kazini huenda akawapoteza wateja wake wote kwa siku moja. Walimu wakuu wamruhusu mtoto kukaa nyumbani bila adhabu, na katika mabweni wanaougua watengewe choo chao.

Kwa mama anayelipwa kwa siku, tunajua kanuni hii ni nzito. Ndipo majirani wanapohitajika. Afadhali mtu mzima mmoja akubali kukaa na mtoto mgonjwa chumbani mwake, kuliko mtoto huyo kuwekwa pamoja na wengine watano. Mlezi akimpokea mtoto asubuhi aulize swali moja: "Ametapika au kuhara tangu juzi?" Mama ajibu kweli, kwa sababu kesho zamu itakuwa ya mwenzake kusema kweli.

Ukiona nyumba mbili au zaidi katika ploti, boma au shule yako zikiugua kwa wakati mmoja, mjulishe mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako au afisa wa afya ya umma katika kituo kilicho karibu. Taarifa ya mapema huwawezesha maafisa kupima, kutofautisha virusi na kipindupindu, na kukagua maji na vyoo kabla ugonjwa haujafika mtaa wa pili.

Ya kubandika kwenye mlango wa choo

• Nawa kwa sabuni sekunde 20: baada ya choo na nepi, kabla ya kupika na kula.
• Chemsha au tibu maji ya kunywa, uyafunike, na uyamimine badala ya kuchota kwa kikombe.
• Osha mboga na matunda yasiyopikwa kwa maji safi.
• Kinyesi cha mtoto kiende chooni.
• Matapishi yasafishwe kwa jiki na maji: kikombe kimoja kwa sita.
• Mtoto anayehara: ORS, zinki, kunyonya, chakula.
• Mgonjwa akae nyumbani siku mbili baada ya kupona.
• Chanjo ya rotavirusi: anza wiki ya sita.